Gaius, Caius, Gayo: Jina la Kila Mtu

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu kufuatilia mafao yake ya uzeeni katika ofisi ambayo sitaitaja. Karani, kijana mwenye adabu zake, alivipanga vyeti vitatu juu ya meza mithili ya mtu anayepanga karata. Nakala ya cheti cha ubatizo, iliyotolewa katika daftari la parokia ambalo mapadri wa zamani walikuwa wakiliandika kwa Kilatini, ilisema Caius. Cheti cha ualimu kilisema Gaius. Barua ya ajira, iliyopigwa taipu na mtu aliyeandika alichokisikia, ilisema Gayo.

"Mzee, samahani, lakini hapa mimi naona watu watatu," alisema karani.

"Mwanangu, ni mimi huyu mmoja," mjomba alijibu, "ila wote watatu wana njaa."

Kijana alicheka, lakini hakubadili msimamo. Tulitakiwa tuende kwa hakimu tukale kiapo kwamba Caius, Gaius na Gayo ni mtu yule yule, kisha turudi na hati yenye mhuri. Nilitoka pale nikiwa na hasira, nikiamini kwamba karani fulani wa zamani alikuwa ameboronga kazi yake na kumwachia mjomba wangu mzigo. Baadaye, nilipoanza kulifuatilia jina lenyewe, niligundua kwamba hakuna karani wa Tanganyika wala wa Tanzania aliyekosea, kwa sababu utata ule wa C na G una umri wa zaidi ya miaka 2,200 na uliletwa na Warumi wenyewe.

Warumi walipata alfabeti yao kutoka kwa Wagiriki kwa kupitia kwa Waetruski, jirani zao wa kaskazini. Herufi ya tatu, ambayo kwa Wagiriki ilikuwa gama na ilibeba sauti ya g, ilipita mikononi mwa Waetruski ambao lugha yao haikutofautisha sauti ya g na sauti ya k, ikafika Roma ikiwa na umbo la C na ikiwa inabeba sauti zote mbili. Kwa muda mrefu msomaji wa Kirumi alilazimika kukisia. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zama za dola ya Kirumi, anasema kwamba aliyeleta herufi ya G ni Spurius Carvilius, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye pia anamtaja kuwa wa kwanza kufungua shule ya kulipiwa ada mjini Roma. Hiyo ilikuwa karne ya 3 KK. Ufumbuzi wake ulikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha, kwani C iliongezewa kistari kidogo ikawa herufi nyingine. Lakini kufikia wakati huo watu walikuwa wamezoea kufupisha majina, na vifupisho havikubadilika. Gaius akaendelea kuandikwa C. na Gnaeus akaendelea kuandikwa Cn., ingawa hakuna Mrumi aliyewahi kutamka Kaius wala Knaeus. Waliokuja karne nyingi baadaye, wakakuta C. kwenye mawe na kwenye vitabu bila kujua kisa chake, ndio waliokirefusha kifupisho hicho kuwa Caius, na kwa njia hiyo jina likaingia katika Kilatini cha Kanisa na hatimaye katika daftari la parokia ya mjomba. Huko Cambridge kuna chuo kinachobeba jina la tabibu John Caius, aliyekianzisha upya mwaka 1557, na wenyeji hulitamka jina hilo kana kwamba limeandikwa "Kiis". Nilipomwambia mjomba, alisema afadhali yeye anayo matatu tu.

Gaius lilikuwa jina la kwanza, lile ambalo mtoto wa kiume alipewa siku ya tisa baada ya kuzaliwa. Baada yake lilifuata jina la ukoo, kama Julius au Cornelius, na mara nyingi lakabu ya tawi la ukoo, kama Caesar. Jambo linalomshangaza mtu wa kwetu, ambako mtoto anaweza kuitwa kwa mvua iliyonyesha, kwa njaa iliyopita, kwa shida za mama au kwa siku ya juma, ni uchache wa majina hayo ya kwanza. Katika kipindi cha mwisho cha Jamhuri, yaani kabla Roma haijawa chini ya makaizari, yaliyotumika kwa kawaida yalikuwa kama 18 tu, na Lucius, Gaius na Marcus ndiyo yaliyoongoza. Koo kubwa zilijibana hata zaidi: akina Julius Caesar walikuwa na Gaius, Lucius na Sextus, basi. Babu yake Caesar maarufu aliitwa Gaius, baba yake Gaius, yeye mwenyewe Gaius, na dada zake wawili wote wakaitwa Julia, kwa kuwa mwanamke kwa kawaida hakupewa jina la kwanza na alitosheka na jina la ukoo. Ukiita "Gaius!" katika uwanja wa soko wa Roma, huenda wanaume waliogeuka wasingefika theluthi, lakini wangegeuka wengi wa kutosha kukutia aibu.

Majina mengine katika orodha hiyo yalijieleza. Lucius linahusishwa na mwanga, na wataalamu wa Kirumi walisema ni la mtoto aliyezaliwa kunapokucha. Manius walilihusisha na asubuhi. Quintus ni wa tano, Sextus wa sita, Decimus wa kumi. Anayemjua Chausiku wa pwani au Akinyi wa Wajaluo haelezwi zaidi. Gaius halijielezi. Kitabu kidogo cha kale kuhusu majina ya kwanza kinadai kwamba linatokana na furaha ya wazazi, kwa kulifananisha na kitenzi gaudere, kufurahi, na kwa tafsiri hiyo mjomba angekuwa Furaha. Hoja hiyo si ya kipuuzi, maana umbo la kale la jina lilikuwa na v ndani yake, Gavius, na kitenzi hicho nacho kinatoa gavisus, aliyefurahi. Hata hivyo sauti kufanana si ushahidi wa undugu, na Waetruski nao walikuwa na jina lao, Cae, ambalo wataalamu wengine wanaliona kuwa ndilo chanzo au angalau jamaa wa karibu. Mimi naamini kwamba kwa Mrumi wa kawaida swali lenyewe halikuwapo. Alimwita mwanawe Gaius kwa sababu baba yake aliitwa Gaius, na jina lilifanya kazi yake bila kuulizwa linasema nini.

Kadiri jina lilivyopungua maana, ndivyo lilivyofaa kusimama badala ya majina mengine yote. Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika arusi. Bibi arusi wa Kirumi, kwa maelezo ya Plutarch, alipoingizwa katika nyumba ya mume alitamka maneno haya: "Ubi tu Gaius, ego Gaia," yaani, pale ulipo wewe Gaius, nami nipo Gaia. Haikujalisha kwamba bwana arusi aliitwa Publius na bibi arusi Cornelia. Kwa usiku ule walikuwa Gaius na Gaia, bwana fulani na bibi fulani, mume na mke wa kila nyumba. Wengine waliieleza desturi hiyo kwa kumtaja Gaia Caecilia, mke wa mfalme Tarquinius, aliyesifika kwa kusokota sufu. Cicero, msemaji maarufu wa mahakama za Roma, aliwadhihaki wanasheria wa zama zake akisema kwamba, kwa kuwa walikuta jina hilo katika kitabu cha mtu kama mfano, walidhani wanawake wote waliofunga aina fulani ya ndoa waliitwa Gaia. (Gaia huyu, niseme mapema, hana uhusiano na mungu wa dunia wa Wagiriki, ni sauti tu zimegongana.)

Kutokana na arusi hiyo ikazaliwa alama ambayo sichoki kuitazama katika picha za mawe ya makaburi. Mtumwa aliyeachwa huru alikuwa na desturi ya kutaja aliyemwacha huru: baada ya jina lake aliandika herufi ya jina la kwanza la bwana wake na herufi L, yaani huria wa fulani. Lakini kama aliyemwacha huru alikuwa mwanamke, ataandika nini, ikiwa mwanamke hana jina la kwanza? Wachonga mawe walichukua C ya Gaius wakaigeuza, mdomo ukatazama kushoto, Ɔ, na herufi hiyo iliyogeuzwa ikasomwa "mwanamke". Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 1 BK, anaitaja alama hiyo na kuiunganisha na maneno ya arusi. Kwa hiyo maelfu ya wanawake waliomiliki mali na kuwaacha watumwa huru wamo kwenye mawe yale kama Gaia, majina yao halisi yakiwa yamefunikwa na herufi moja iliyopinduliwa.

Wanaume waliolibeba jina hilo hawakubahatika zaidi, isipokuwa wao walifunikwa na majina yao mengine. Gaius Marius wa Arpinum, aliyekuwa konsuli, cheo cha juu kabisa cha utawala wa Roma, mara saba na aliyemshinda Jugurtha, mfalme wa Numidia katika Afrika ya Kaskazini, anajulikana kama Marius. Plutarch anaanza kuandika maisha yake kwa kushangaa kwamba mtu mkubwa namna ile hakuwa na jina la tatu. Mke wake Julia alikuwa shangazi yake Caesar, naye Caesar hakuna amwitaye Gaius. Kijana aliyezaliwa mwaka 63 KK kama Gaius Octavius alirithi jina la Gaius Julius Caesar, kisha akalitupa Gaius kabisa na kuweka mahali pake neno Imperator, lililokuwa cheo cha ushindi, na mwaka 27 KK akaongeza Augustus. Aliona, nadhani kwa haki, kwamba mtu anayetaka kuwa peke yake duniani hawezi kuanza na jina la kila mtu.

Kuna mmoja ambaye jina la kwanza lilimsaidia kutofautishwa, naye ni Gaius Gracchus, maana kaka yake Tiberius Gracchus alikuwa ametangulia kwa umaarufu na kwa kifo, mwaka 133 KK. Gaius alichaguliwa kuwa mtetezi wa raia kwa miaka ya 123 na 122 KK, akapitisha sheria ya kuwauzia wananchi nafaka kwa bei nafuu isiyobadilika, akataka kujenga makao ya walowezi wa Kirumi juu ya magofu ya Karthago hapa Afrika. Mwaka 121 KK konsuli Opimius alitangaza kwamba atakayeleta kichwa chake atalipwa uzito wake kwa dhahabu. Kichwa kililetwa na mtu aitwaye Septumuleius kikiwa juu ya mkuki, kikawekwa kwenye mizani, kikapatikana na uzito wa ratili 17 na theluthi mbili. Ilikuja kubainika, kama anavyosimulia Plutarch, kwamba mleta kichwa alikuwa ametoa ubongo na kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Nimesoma habari nyingi za udanganyifu katika zabuni za serikali, lakini hiyo inazipita.

Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaizari aliyependa ishara na mikosi, anaandika kwamba watu waliona jambo la ajabu: Caesar wote walioitwa Gaius walikufa kwa upanga. Ni sentensi inayovutia, na nimeiona ikinukuliwa bila kuchunguzwa. Si kweli. Baba yake Caesar, Gaius kama mwanawe, alikufa mjini Pisa mwaka 85 KK asubuhi moja akiwa anavaa viatu, na anayetupatia habari hiyo ni Pliny Mkubwa, katika orodha yake ya vifo vya ghafla visivyo na sababu. Augustus naye, aliyekuwa Gaius Caesar kabla ya kuwa kila kitu, alikufa kitandani mwaka 14 BK akikaribia kutimiza miaka 76. Waliokufa kwa chuma ni Caesar mwenyewe, tarehe 15 Machi mwaka 44 KK (mmoja wa viongozi wa njama alikuwa Gaius mwingine, Gaius Cassius); kisha Gaius Caesar, mjukuu wa Augustus, aliyekufa mwaka 4 BK kutokana na jeraha alilopata Armenia; na Caligula, kaizari nitakayemfikia baadaye. Jina lililobebwa na watu wengi namna hiyo halikosi kufiwa kwa kila namna, na ukitaka kuona mkosi ndani yake unachagua tu makaburi yanayokufaa.

Kisa ambacho mimi kingenifanya niamini mkosi ni kingine. Kati ya miaka ya 73 na 71 KK gavana wa Sisilia alikuwa Gaius Verres, mwizi wa sanamu na wa nafaka, ambaye Cicero alimshtaki mwaka 70 KK. Katika hotuba zilizoandikwa dhidi yake yumo mtu mmoja anayeitwa Gavius, wa mji wa Consa huko Italia. Gavius, kama nilivyoeleza, ndilo umbo la kale ambalo wanaisimu wengi wanaliona kuwa chanzo cha Gaius, lililobaki kama jina la ukoo. Mtu huyo alikuwa amefungwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse, akatoroka, akafika Messana ambako aliiona pwani ya Italia kwa macho, na kwa furaha ya kuhisi amekwisha kuokoka akaropoka kwamba anakwenda Roma kumngoja Verres amshtaki. Messana ulikuwa mji wa marafiki wa Verres. Alikamatwa, akavuliwa nguo na kuchapwa viboko hadharani, na katikati ya mapigo, anasema Cicero, hakutoa sauti nyingine yoyote ila maneno "Civis Romanus sum", mimi ni raia wa Kirumi. Sheria ilikataza raia kuchapwa, sembuse kusulubiwa. Msalaba ulisimamishwa mahali palipotazama mlango-bahari, ili, kwa maneno ya Verres mwenyewe, yule aliyejiita raia aweze kuiona nchi yake. Gaius mwenye mamlaka alimtundika mtu ambaye jina lake lilikuwa lake mwenyewe katika hali ya ukongwe. Sina hakika kwamba kuna Mrumi aliyeliona hilo.

Uraia huo, pamoja na jina lake, ulienea kwa njia ambayo sisi tunaielewa vizuri. Mgeni aliyepewa uraia alichukua jina la kwanza na jina la ukoo la aliyempa. Kwa kuwa waliogawa uraia kwa wingi walikuwa Caesar na Augustus, majimbo yalijaa watu walioitwa Gaius Julius. Juba wa Pili alikuwa mtoto mdogo baba yake, mfalme wa Numidia, alipokufa baada ya kushindwa na Caesar mwaka 46 KK. Caesar alimpitisha mtoto huyo katika maandamano yake ya ushindi mitaani Roma. Akalelewa Italia, akasoma sana, akapewa ufalme wa Mauretania mwaka 25 KK, akaandika vitabu juu ya Afrika na Arabuni, na jina lake kamili likawa Gaius Julius Juba. Hakuna mahali tunapoambiwa alijisikiaje kuitwa kwa jina la mtu aliyempitisha mitaani kama nyara. Mjomba wangu alipewa jina lake na padri mgeni aliyetazama kalenda, na nilipomuuliza kama liliwahi kumkera, alisema kwamba jina la nyumbani analo, na linajulikana na wanaohitaji kulijua.

Wapo waliobaki na Gaius peke yake, bila cha kuongeza, nao wanafanya kundi la ajabu. Wa kwanza ni mfalme wa kutisha. Alizaliwa tarehe 31 Agosti mwaka 12 BK, akakulia katika kambi za jeshi la baba yake Germanicus, na askari wakambandika jina la Caligula, kiatu kidogo, kwa kuwa mama yake alimvalisha viatu vidogo vya kiaskari vilivyoitwa caliga. Jina hilo la utani ndilo tulilolishika sisi. Warumi waliposimulia habari zake walimwita Gaius, na wapo waliojutia yote mawili. Mwanafalsafa Seneca anasema kwamba Herennius Macer alipata matatizo kwa kumsalimu kama Gaius tu, na akida mmoja akaadhibiwa kwa kumwita Caligula. Lakabu ilimkumbusha utoto, na jina la kwanza peke yake lilimshusha akawa mtu wa kawaida, na mtawala aliyetaka kuabudiwa akiwa hai hakuweza kuvumilia kuwa wa kawaida.

Myahudi wa Aleksandria aliyeitwa Philo, mwanafalsafa mzee, aliongoza ujumbe kwenda kwake kulalamikia mauaji na uporaji waliofanyiwa Wayahudi wa mji huo mwaka 38 BK, na maandishi aliyoyaacha kuhusu safari hiyo yanamtaja mfalme kwa jina la Gaius. Mapokezi yalikuwa katika bustani zilizokuwa za Gaius mwingine, Maecenas, tajiri aliyewalea washairi wa enzi ya Augustus. Mfalme alikuwa akikagua nyumba, akitoka chumba hiki kwenda kile, akiamuru nini kirekebishwe, na wazee wale wakimfuata nyuma kwa hatua za haraka wakipanda na kushuka ngazi. Ghafla akageuka na kuwauliza, kwa uzito wote, kwa nini hawali nyama ya nguruwe, na wapinzani wao wakaangua kicheko. Kisha akaendelea na madirisha. Mtu yeyote aliyewahi kumfuata mkubwa wa ofisi katika korido akiwa na faili mkononi anaweza kukisia jinsi Philo alivyojisikia. Tarehe 24 Januari mwaka 41 mfalme huyo aliuawa na walinzi wake.

Wa pili yumo katika Biblia, au pengine ni wanne. Kuna Gayo wa Makedonia aliyekokotwa katika ghasia za Efeso, Gayo wa Derbe aliyesafiri na Paulo, Gayo wa Korintho, na Gayo anayeandikiwa Waraka wa Tatu wa Yohana. Huyu wa mwisho ndiye aliyefanya jina likasikika sana makanisani kwetu, kwa sababu aya ya pili ya waraka huo, inayomtakia afanikiwe na kuwa na afya, inapendwa mno na wahubiri wa mafanikio, ingawa aliyeandikiwa anasifiwa kwa kuwapokea wageni na habari za mapato yake hazimo. Gayo wa Korintho naye ni mwenyeji: Paulo, akiandika Waraka kwa Warumi, anamtaja kuwa amemkaribisha yeye na kanisa zima. Katika salamu hizo hizo wamo Tertio, aliyeushika wino, na Kwarto ndugu yetu, majina yanayomaanisha wa tatu na wa nne. Si ajabu kukuta Kilatini kingi namna hiyo katika mji wa Wagiriki, kwani Korintho uliharibiwa na Warumi mwaka 146 KK na ukaanzishwa upya kama makazi ya walowezi kwa amri ya Caesar mwaka 44 KK, na wengi wa walowezi hao walikuwa watumwa walioachwa huru. Mwenyeji wa Paulo, mwenye nyumba iliyotosha kanisa zima, hatujui ukoo wake wala lakabu yake. Tunajua alikuwa na nafasi sebuleni.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote. Katikati ya karne ya 2 BK aliishi mwalimu wa sheria ambaye jina lake lote lililotufikia ni Gaius. Hatuna jina la ukoo wala mji alikozaliwa. Karibu na mwaka 161 aliandika kitabu cha kufundishia wanafunzi wa mwanzo, kiitwacho Institutiones, na ndani yake akaweka mgawanyo ambao unatumika mpaka leo: sheria yote tunayoitumia inahusu watu, au vitu, au mashauri. Ni mwandishi mwepesi, asiyejionyesha, na mara moja moja hupenyeza maoni yake. Anapofika kwenye kanuni iliyoweka wanawake watu wazima chini ya walezi, anasema kwamba hakuna sababu yoyote ya maana inayoitetea. Ile inayotolewa kwa kawaida, kwamba wanawake ni wepesi wa akili na hudanganywa kirahisi, inapendeza sikioni kuliko ilivyo kweli, maana wanawake hao huendesha shughuli zao wenyewe na mlezi huweka idhini kwa kufuata taratibu tu.

Wakati wa uhai wake wanasheria wakubwa hawakumtaja. Mwaka 426 sheria ya kifalme ikamweka miongoni mwa watano ambao maandishi yao yangetegemewa mahakamani, na kaizari Justinian, alipotoa kitabu chake cha sheria mwaka 533, alikijenga juu ya msingi wa kile cha Gaius na kumwita "Gaius wetu". Kisha kitabu chenyewe kikapotea. Mwaka 1816 mwanahistoria Barthold Georg Niebuhr, akiwa njiani kwenda Roma kama balozi wa Prussia, alipita katika maktaba ya kanisa kuu la Verona, akafungua kitabu cha ngozi chenye barua za Mtakatifu Jerome, na chini ya maandishi hayo akaona mistari mingine iliyofifia. Ngozi ilikuwa imekwanguliwa ili itumike upya, na kilichokwanguliwa kilikuwa Gaius. Dawa za kemikali zilizopakwa baadaye ili kuyaibua maandishi ziliziharibu baadhi ya kurasa, lakini karibu kitabu chote kilisomeka. Sheria za kiraia ambazo Wabelgiji walizileta Kongo, Rwanda na Burundi zinatoka katika mapokeo yaliyopitia kwa mwalimu huyu ambaye hatumjui zaidi ya jina, tena jina lenyewe ni lile lisilomtambulisha mtu.

Majina ya kwanza ya Kirumi yalianza kuachwa polepole katika karne za dola. Mwaka 212 kaizari Caracalla alipowapa uraia takriban watu huru wote wa dola, yalikuwa yamekwisha kupoteza kazi. Gaius lilipata kazi nyingine. Waitalia wakitaka kusema fulani, fulani na fulani, husema Tizio, Caio e Sempronio, na desturi hiyo inatoka katika mifano ya wanasheria, kama vile mwanafunzi wa sheria wa kwetu anavyofundishwa kuhusu A aliyemuuzia B shamba la C. Bibi arusi wa Kirumi asingeshangaa. Alijua tangu zamani kwamba Gaius ni bwana fulani.

Hakimu alitupokea siku ya Alhamisi. Hati iliandikwa na karani wa mahakama kwa maneno yao ya kawaida, kwamba mimi niliyetajwa hapo juu najulikana pia kwa majina yafuatayo, na kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja na yule yule. Mjomba alisomewa, akaapa, akapewa kalamu. Kama walimu wengi wa rika lake, hutia sahihi kwa herufi ya kwanza ya jina la ubatizo, nukta, kisha jina la ukoo kwa mwandiko wa kulala. Nakala ninayo, na kila nikiitazama herufi ile sipati jibu kama ni C au ni G.